Rangi Isiyokauka

Jirani yangu hapa Korogwe ni fundi wa mageti. Kila akimaliza kuchomelea, hupaka rangi ya mafuta palepale mlangoni kwake, na upepo ukielekea kwangu nyumba nzima hujaa ile harufu inayokaba koo na kuchoma macho. Wageni wangu huziba pua. Mimi husogeza kiti dirishani. Sijui nieleze vipi bila kuonekana mwehu, lakini rangi ya mafuta iliyochanganywa na mafuta ya taa hunikumbusha bibi yangu mzaa mama, mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika brashi.

Tulikuwa tunakaa Mazingara, Handeni, uwanja mmoja na Bibi. Mama yangu ni Mzigua wa hapohapo. Baba ni Msambaa wa Mpale, dereva wa lori la mahindi, na babu alipofariki Baba alikubali kuhamia ukweni ili Bibi asibaki peke yake. Watu walimcheka. Walisema Msambaa kaolewa. Yeye alikuwa anatabasamu tu na kuendelea kumwaga maji kwenye rejeta. Mimi ndiye niliyekuwa nachukia.

Nanyi mnajua mkwe ni mtu gani. Baba akimwona Bibi anakuja njiani, anaiacha njia, anaingia majanini, anachuchumaa na kusema "Shikamoo mama" akiwa ameyaelekeza macho kwenye vidole vya miguu yake. Hakula mbele yake hata siku moja. Hakutaja jina lake. Hakumtazama usoni, na kumbishia ndiyo kabisa, afadhali angekufa. Wakiwa na jambo la kuambiana, jambo hilo lilipitia kwangu, hata kama wamesimama hatua chache tu mbali.

"Zubeda, mwambie bibi yako naenda Mkata, kama ana la kuagiza."

"Mwambie baba yako aniletee chumvi."

Na mimi katikati, nageuza shingo huku na huku kama kuku anayesikiliza mwewe. Nikiwa mvivu nilinyamaza, maana kila mmoja alikuwa amekwisha sikia. Hapo Bibi alinifinya. Neno lisilopelekwa, alisema, ni neno lililoibwa.

Sasa huyu Bibi alikuwa na dada yake mkubwa, aliyeolewa Vugiri, kule juu milimani Korogwe. Sisi tulimwita Bibi Mkubwa, ingawa sisi watoto hatukuwa tumewahi kumwona. Mwaka mmoja zikaanza kuja salamu. Bibi Mkubwa miguu haimbebi tena. Bibi Mkubwa macho yameingia ukungu. Bibi Mkubwa anasema anataka kumshika mdogo wake mkono kabla hajaondoka duniani. Kila salamu ilipofika, Bibi alisema, "Nimesikia," akaendelea kupeta mtama. Tatizo, kama alivyotuambia, lilikuwa mgongo. Alikuwa amewahi kuanguka kisimani, na tangu siku hiyo hakuweza kukaa kwenye kiti cha basi hata mpaka Handeni mjini. Ilibidi alale. Na basi gani utalala?

Lakini siku moja Baba alirudi kutoka Korogwe akiendesha nyumba.

Lilikuwa gari la wazungu, mume na mke, waliokuwa wanazunguka Afrika na kitanda chao. Likawafia Korogwe, wakaliacha gereji, wakaenda zao kwa ndege. Lilikaa pale miaka mpaka kuku wakawa wanatagia kwenye sinki. Fundi alichoka kuliona, Baba akalichukua, akaifufua injini kwa vipuri alivyookoteza huku na huko. Ndani kulikuwa na kitanda cha kukunja, vikabati vidogo vyenye vitasa kama vifungo vya shati, jiko la gesi lisilowaka, na pazia la maua lililofifia. Kulikuwa na harufu ya panya na sabuni ya kizungu. Sisi watoto tulipanda tukashuka, tukapanda tukashuka, mpaka Mama akatishia fimbo. Tuliliita Konokono, kwa sababu lilikwenda polepole na lilibeba nyumba yake mgongoni.

"Mwambie bibi yako," Baba aliniambia, macho chini, "kuna kitanda. Atalala mpaka Vugiri."

Bibi alikuja na fimbo yake. Akalizunguka lile gari lote. Lilikuwa jeupe, na ubavuni wazungu walichora kichwa cha simba, kikubwa, mdomo wazi, macho ya njano. Bibi akasimama mbele ya simba, akasimama sana.

"Mwambie baba yako amefanya kazi kubwa, Mungu ambariki. Lakini mimi siingii kwenye gari jeupe. Nguo nyeupe ya mwisho nitavishwa na wenzangu, sitajivisha mwenyewe nikiwa hai. Na huyo mnyama, nikifika naye Vugiri, dada yangu atadhani nimekwenda kumla."

"Mama!" Mama yangu alisema. "Gari linasafiri, halichumbiwi."

Baba akanigeukia. "Mwambie bibi yako tutalipaka rangi. Achague anayoitaka."

Bibi akachagua bluu.

Ndugu zangu, kama hamjawahi kupaka gari rangi wenyewe, nawashauri mwendelee hivyohivyo. Baba alikuwa anajua injini. Rangi alidhani ni jambo la kuchovya na kupaka. Kwanza alitugawia msasa, mimi na wadogo zangu na Mama, tukasugua kuanzia asubuhi na maji ya ndoo, mpaka vidole vikalainika kama vya mtu aliyefua siku nzima na unga mweupe ukatujaa kwenye nyusi. Chini ya ule weupe kulikuwa na kutu. Ukisugua kutu unapata tundu. Ukipata tundu unahitaji puti, na puti ina dawa yake ya kugandisha, ukiizidisha inaganda mkononi kabla hujaifikisha kwenye bati. Baba aliizidisha. Bonge moja lilishikamana juu ya boneti likagoma kutoka, patasi na nyundo vikashindwa, na Konokono likaishi na jipu lake mpaka mwisho.

Kisha madirisha. Ilibidi yazibwe kwa magazeti yasipate rangi. Gundi hatukuwa nayo, Mama akapika uji mzito wa unga wa mahindi, tukabandika vizuri, tukaenda kula. Tuliporudi mbuzi wa Bibi walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wamepanga mstari, wamekula magazeti yote na uji wake. Mmoja bado alikuwa anatafuna ukurasa wa michezo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tukabandika upya, na mdogo wangu akawekwa zamu na fimbo.

Bluu ikapakwa. Jua la Handeni likaikausha vizuri, hilo nakiri. Lakini asubuhi tulipoamka, simba alikuwa amerudi. Alitoka polepole chini ya bluu, kwanza macho, halafu meno. Baba akapaka tena. Simba akarudi tena, safari hii amenuna zaidi. Watu walianza kuja kutoka vitongoji vingine kumtazama, na mzee mmoja alishauri aitwe shehe amsomee. Kumbe tulipaswa kumpaka praima kwanza, ile rangi ya chini ya kuziba, lakini hilo nilikuja kuambiwa na mafundi nikiwa mtu mzima. Wakati ule tuliamini simba ana kiburi chake.

Bibi akatoka, akatazama.

"Mwambie baba yako hii si bluu niliyoisema. Nilisema bluu ya kanga. Hii ni ya karandinga. Nitakwendaje kwa dada yangu kama mahabusu?"

Nilitamani Baba aseme neno. Moja tu. Amwambie mama mkwe, rangi ni rangi, panda. Alikuwa na madoa ya bluu mpaka masikioni. Akakunja mikono nyuma, akatazama ardhi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Muulize bibi yako anapenda ipi."

Anapenda kijani. Kijani cha majani ya mhogo mchanga.

Kijani hicho hakikuwepo dukani Mkata. Baba akanunua njano, akaichanganya na bluu iliyobaki, akikoroga kwa mwiko wa Mama ambao haukurudi jikoni tena. Ikatoka nzito kama asali ya masika, brashi haipiti. Ilihitaji kuzimuliwa. Na hapo Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka wake kivulini akichambua mboga, akatoa ushauri bila kuombwa.

"Mwambie baba yako, marehemu babu yako alipopaka madirisha ya nyumba hii alizimulia kwa mafuta ya taa. Yako hapo mpaka leo."

Nilimwona Baba akiangalia lile kopo la rangi, halafu ile galoni ya mafuta ya taa. Kisha akasema, "Mwambie bibi yako asante. Tutatumia mafuta ya taa."

Rangi ile haikukauka. Iliteleza vizuri, iling'aa, ilipendeza kweli, lakini kesho yake ukigusa, kidole kinarudi kijani. Kesho kutwa vilevile. Nyumba nzima ilinuka taa ya chemli. Nzi walitua hawakuruka tena. Na kama hamkujua, Mazingara wakati wa kiangazi ina vumbi jekundu linalotembea lenyewe, halihitaji upepo, na kila chembe yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa.

Vumbi lenyewe lingevumilika, lakini palikuwa na ng'ombe. Mzee Sironga, mfugaji Mmasai aliyekuwa na boma lake ng'ambo ya bonde, alikuwa na ruhusa ya tangu enzi za babu kupitisha ng'ombe wake kwenye uwanja wetu wakienda lamboni kunywa maji. Kwa kubadilishana, baada ya mavuno walilala shambani kwetu wakatuachia mbolea. Yalikuwa mapatano ya wanaume wawili waliopendana, na mmoja akiwa kaburini hakuna aliyethubutu kuyagusa. Basi Baba akaniita.

"Mwambie bibi yako, kama ataona vyema, amwombe Mzee Sironga ng'ombe wapitie nyuma, kwa siku chache tu, rangi ikauke."

"Mwambie baba yako nitamwambia," Bibi akasema.

Asubuhi iliyofuata ng'ombe wakaja kama kawaida, wanavuma, wanatimua vumbi. Bibi akatoka, akasimama katikati ya uwanja, hatua chache kutoka kwenye Konokono bichi, akaanza kumsalimu Mzee Sironga. Akamwuliza habari za nyumbani. Habari za wake, mmoja mmoja. Habari za watoto, za ng'ombe, za ndama, za malisho, za mvua isiyokuja, za goti lake la kushoto. Mzee Sironga ni mtu wa adabu, akajibu yote kwa ukamilifu, akaegemea mkuki wake, na yeye akauliza yake. Kundi zima likasimama likiwasubiri, likipiga kwato, likirusha vumbi juu kwa pembe. Jike mmoja mweupe alipata mwasho, akajikuna ubavu wake wote kwenye ubavu wa gari, kuanzia mlangoni mpaka taa ya nyuma, akaondoka kijani. Konokono likabaki na manyoya.

Mama alikuwa jikoni, akatoka na ungo mkononi.

"Mama, ulimwambia apitishe nyuma?"

"Nilikuwa namsalimu kwanza. Mtu humwambii haja yako kabla salamu hazijaisha."

"Na zikaisha?"

"Hazikuisha," Bibi akasema, akarudi kwenye mkeka wake.

Mama alifura. Aliporudi jikoni alikata vitunguu kama ana ugomvi navyo, na mimi nikamfuata, nikamwuliza kwa nini Baba hamwambii Bibi ukweli, kwa nini anaogopa mwanamke mzee. Mama akaacha kisu. Akaniambia niketi. Ndipo nilipojua habari ya msiba.

Mama yao Bibi na Bibi Mkubwa alifia Mazingara, miaka mingi kabla sijazaliwa. Ilikuwa masika, barabara ya Vugiri imekatika, maporomoko ya udongo yamefunga njia. Bibi Mkubwa aliteremka kwa miguu, akivuka matope mpaka magotini, lakini maiti ya Kiislamu haingoji. Alifika mama keshazikwa, watu wamekaa wanakunywa chai. Bibi, kwa uchungu wake, alisimama mlangoni mbele ya waombolezaji wote akamwambia, "Aliyechelewa kumzika mama, asiwahi chai." Bibi Mkubwa hakukanyaga kizingiti. Aligeuka na viatu vyake vya matope mkononi akarudi alikotoka. Hawakuonana tena.

"Basi Bibi hamtaki dada yake," nikasema.

"Anamtaka sana," Mama akasema, akarudia vitunguu. "Nenda kalete kuni."

Nilikwenda kuleta kuni. Sikuelewa kitu. Kichwani mwangu mtu akimtaka mtu anakwenda kwake, basi.

Siku zilipita. Tuling'oa manyoya kwa kibano cha nyusi cha Mama. Baba alisugua tena upande mmoja, akapaka tena, tena kwa mafuta ya taa, na kila siku Bibi alipata dosari yake. Kijani kimekoza. Kijani kimefifia. Mlango una michirizi. Baba alisikiliza yote kupitia kwangu, akashika brashi. Majirani walianza kuulizana kwa sauti kama Msambaa anapaka gari au anapaka mlima. Nikisikia, nilikuwa nainamisha kichwa kwa aibu.

Kisha siku ya gulio akaja mama mmoja wa Vugiri aliyekuwa akileta iliki na maharage kuuza. Alikuja mpaka uwanjani kwetu, akamwamkia Bibi, akaketi, akanywa maji, akamaliza salamu zote kama inavyotakiwa. Halafu akasema, "Nimetumwa na dada yako. Anasema hivi: mwambieni mdogo wangu asijisumbue. Nimesikia gari lake bado halijapendeza. Basi nitashuka mimi. Nimekwisha waomba vijana wanibebe kwa machela."

Bibi aliacha kupeta. Mtama ukabaki kwenye ungo.

"Mkubwa amfuate mdogo?" alisema. "Tena kwa machela?"

Alinyanyuka kwa fimbo, akaingia ndani, akatoka na mkoba wake, umefungwa, kanga juu, kila kitu kimepangwa. Sikujiuliza siku ile ulifungwa lini.

"Mwambie baba yako tunaondoka."

Sikuhitaji kumwambia. Baba alikuwa chini ya gari, na alitoka kwa kasi niliyokuwa sijaiona kwake. Konokono lilikuwa ubavu mmoja kijani kibichi, ubavu wa pili bluu ya karandinga, simba akichungulia, jipu bonetini. Mbele Baba alikuwa amebandika magazeti, akayachana yote kwa mkupuo mmoja. Bibi akapanda. Hakuitazama hata rangi.

Kabla ya kuwasha, Baba alifanya jambo moja. Alikishika kile kioo cha ndani, cha kumwonyesha dereva nyuma, akakigeuza kikatazama dari. Mkwe alikuwa amelala kitandani nyuma yake, asingeweza kuendesha huku akimwona. Mama akavuta pazia la maua. Mimi nikawekwa dirisha la nyuma kuwa kioo chake, nikipaza sauti: lori linakuja, Baba! Pikipiki! Basi hilo, linapita, limepita!

Tulitoka vumbini tukaingia lami, tukapita mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari mpaka macho yanachoka, tukaingia Korogwe saa za adhuhuri, joto limejaa. Hapo Baba alishika breki ghafla kumkwepa mtu wa baiskeli, na chini ya kiti chake likabiringika kopo likanigonga mguu. Nililisoma. Lilikuwa tina, ya kuzimulia rangi, kopo zima, halijafunguliwa. Baba alilirudisha chini ya kiti kwa kisigino bila kugeuka. Nilidhani alisahau kuwa analo.

Kisha tukaanza mlima. Konokono lililia, likachemka, tukapumzika, tukalimwagia maji, likalia tena. Hewa ikabadilika, ikawa na baridi na harufu ya majani ya chai na moshi wa kuni mbichi. Ukungu ukashuka. Matone yakakaa juu ya rangi yetu bichi, yakaichora madoadoa meupe, kazi ya wiki zote zile ikaharibika tukiitazama. Nyuma ya pazia Bibi alikuwa kimya tangu Korogwe.

Kwenye kona ya mwisho, paa za mabati za kijiji zikiwa zimekwisha onekana, sauti yake ikatoka ndogo kabisa.

"Zubeda. Mwambie baba yako asimame."

Baba alisimama. Hakuuliza kwa nini. Alishuka, akazunguka gari, akapiga teke kila tairi, ingawa hakuna hata moja lililokuwa na shida. Akafungua boneti, akatazama ndani, akafunga. Akaokota kijiti, akakwangua tope kwenye matairi kwa utaratibu wa mtu mwenye siku nzima. Mama alimtazama dirishani. Tulikaa hivyo mpaka nikaanza kusinzia. Kisha pazia likatikisika.

"Mwambie baba yako twende."

Bibi Mkubwa alikuwa ameketi nje ya nyumba yake kwenye kigoda, amejifunika blanketi, uso wake ni wa Bibi kabisa isipokuwa macho yenye utando. Alisikia injini, alisikia mlango, alisikia fimbo ikigonga mawe. Bibi alisimama mbele yake. Aliyejua kumsalimu Mzee Sironga mpaka goti la kushoto alikuwa hana neno.

"Nani?" akauliza Bibi Mkubwa.

"Ni mimi, dada. Shikamoo."

Bibi Mkubwa akatikisa kichwa polepole, kana kwamba anapima jambo. Hata mimi, mjinga wa mambo ya watu wazima, nilijua neno litakalofuata ndilo tulilolifuata kutoka Handeni.

"Marahaba," akasema. "Umewahi. Chai ndiyo kwanza inachemka."

Sijawahi kuona mtu mzima akilia vile. Bibi alikaa chini palepale kwenye majani yenye umande, mgongo mbovu na yote, akaweka kichwa kwenye mapaja ya dada yake, akalia kama mtoto aliyepotea akaonekana. Bibi Mkubwa alimpapasa kichwani, akisema, "Basi, basi, mdogo wangu, basi." Mama alilia. Mimi nililia kwa kuwaona wao. Baba alikuwa amejificha nyuma ya Konokono, kama inavyompasa.

Baadaye Bibi Mkubwa alitaka kuligusa hilo gari lililomchelewesha mdogo wake. Tukamshika mkono, akaweka kiganja ubavuni, kikatoka kijani. Akakinusa. "Gari gani hili linatoka jasho?" akauliza, akampaka Bibi usoni kwa makusudi, na wale wanawake wawili wakacheka mpaka wakapaliwa na chai.

Bibi hakurudi nasi. Alisema mgongo haujapoa. Mgongo wake haukupoa mpaka Bibi Mkubwa alipofariki, zaidi ya mwaka baadaye, akiwa ameshika mkono wa mdogo wake, na aliyemwosha na kumvika sanda alikuwa Bibi mwenyewe. Sisi tulipanda kila likizo kumsalimu, na Konokono halikumaliziwa rangi. Hakuna aliyeuliza tena.

Baba sasa ni mzee, anakaa na mimi hapa Korogwe. Bibi naye tumekwisha mzika. Juzi jirani alipopaka rangi, tulikuwa barazani, na ile harufu ikaja. Nikakumbuka kopo lililonigonga mguu. Nikamwuliza, kwa umri wangu huu, kwa nini alizimulia kwa mafuta ya taa ilhali alikuwa na tina.

"Mkwe alisema mafuta ya taa," akajibu.

"Lakini ulijua haitakauka."

"Nilijua. Na yeye alijua. Babu yako alinisimulia zamani, yale madirisha yalikaa mwezi mzima yanashika nzi."

Miaka yote hii nilikuwa nimemweka Baba kwenye kundi la wanaume wanyonge, nikimpenda lakini nikimwonea haya. Akapangusa miwani yake kwa ncha ya shati.

"Alikuwa anaogopa, mwanangu. Mtu mzima humwambii kwamba anaogopa, tena mkweo. Angeona aibu, na angekataa kabisa. Alihitaji muda bila kuuomba. Mimi nilikuwa na brashi, nikampa muda."

"Na kama Bibi Mkubwa angekufa kabla?"

"Ndiyo maana nilituma mtu Vugiri," akasema. "Nilimwambia yule mama wa iliki, gulio la kabla yake, amweleze Bibi Mkubwa kwamba gari liko tayari tangu siku ya kwanza, ila mdogo wake hajawa tayari. La machela alilitunga mwenyewe, yule bibi. Alimjua mdogo wake."

Akavaa miwani, akauliza kama chai ipo.

Nilikwenda jikoni nikaiweka motoni, nikasimama pale nikilia taratibu asinisikie. Mama alimbeba moyoni mwake kila siku kwa hasira na mapenzi, sisi wajukuu tulilala kitandani kwake, tulikula sahani moja naye, tulimjua kila kovu la mguu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua alichokuwa anakiogopa. Aliyejua ni Baba, ambaye miaka yote ile hakuwahi kumtazama usoni.